Kilo 8 nilizozisoma 18: nilichojifunza kwenye kol za usiku

Naandika hii nimetoka kulala masaa 6 mchana, dirisha limezibwa na kitenge kizito, simu nimeiacha kwa mdogo wangu sebuleni. Leo usiku naingia tena zamu. Miaka ile ya intanship, yaani mafunzo ya kazi ya daktari aliyetoka chuo, ungeniambia nitakuja kulala masaa 6 mfululizo mchana ningekubishia, kwa sababu nilishajiaminisha kwamba daktari ni mtu wa kuvumilia na asiyeweza kukesha akatafute kazi nyingine. Imani hiyo ilikaribia kumdhuru mtoto wa mtu, na ikakaribia kunimaliza na mimi mwenyewe. Naandika ili intani anayeanza mwezi ujao asipitie nilipopita.

Nilianza mwisho wa 2018, hospitali ya rufaa ya mkoa, sitaitaja. Idara yetu tulikuwa wanne kwenye rosta ya kol, yaani zamu ya kukesha hospitalini. Kol yetu ilikuwa hivi: unaingia saa moja na nusu asubuhi kama siku ya kawaida, unafanya raundi, unashinda wodini, jioni wenzako wanaondoka wewe unabaki, usiku wote uko wodini, asubuhi unasimama kwenye moning ripoti kuelezea wagonjwa uliowapokea, alafu unaendelea na kazi za siku mpya mpaka saa tisa na nusu alasiri. Masaa 32. Wanne ilikuwa inabebeka, ila mwenzetu mmoja akahamishiwa idara nyingine tukabaki watatu, kol ikawa kila baada ya siku mbili, na hapo ndo mambo yalipoharibika.

Wiki za kwanza nilijiona shujaa kabisa. Nyumbani mama anapiga simu, namwambia sijalala jana nzima, anasema pole mwanangu Mungu akutie nguvu, na mimi nasikia fahari. Tulikuwa tunashindana nani kakesha zaidi. Hakuna aliyetufundisha chuoni kwamba kuchoka ni hali ya kitabibu yenye dalili zake kama ugonjwa mwingine wowote, tulifundishwa dalili za upungufu wa damu, za figo, za ini, lakini dalili za daktari ambaye ubongo wake umeanza kuzima hapana.

Na dalili zipo. Mimi zangu zilianza na hasira. Nilimfokea bibi mmoja aliyeniuliza mara ya tatu dawa ya mumewe inamezwa saa ngapi, bibi wa watu akanyamaza akakunja karatasi yake taratibu akarudi kwenye benchi. Mpaka leo namuona. Baadae ikaja kusoma majibu ya damu mara mbili tatu bila kuyaelewa, kuandika sentensi kwenye faili na kuiacha katikati, kusimama mlangoni mwa wodi sikumbuki nilikuwa nafata nini, na baridi, yaani baridi kali ya alfajiri wakati manesi wote wanajipepea kwa joto. Ile baridi nilikuja kuelewa baadae kabisa, joto la mwili hushuka lenyewe usiku na hufika chini kabisa alfajiri, kama saa 10 au saa 11, na hapo ndipo mwili unapodai usingizi kwa nguvu kuliko wakati wowote. Saa ya ndani ya mwili haijui kwamba wewe uko kazini. Inafata jua.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa wodi ya watoto, saa 10 na dakika kama 20 alfajiri. Nilikuwa macho tangu saa 11 alfajiri ya jana yake. Nimetoka kumhudumia mtoto wa miaka mitano mwenye kilo 18, namalizana naye, analetwa kichanga wa miezi saba anapumua kwa shida, homa, anahitaji antibayotiki haraka. Kadi yake imeandikwa kilo 8. Nikaandika jentamaisini. Dozi yake ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, kwa hiyo ni miligramu 60, hesabu ambayo naijua hata usingizini. Niliandika 135. Ile 18 ya mtoto aliyetangulia ilikuwa bado imeganda kichwani, mkono ukaandika wenyewe, na nilivyoandika niliona sawa kabisa. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo, kwamba sikusikia wasiwasi wowote.

Nesi aliyekuwa zamu ni mama wa makamo, karibu anastaafu. Aliniita pembeni, sio mbele ya mama wa mtoto, akasema, "Dokta, hebu njoo mwanangu. Huyu mtoto mama yake kambeba kwa mkono mmoja, kilo 18 zinatoka wapi?"

Niliangalia kadi, nikaangalia nilichoandika, miguu ikaisha nguvu. Jentamaisini ikizidi inaharibu figo na masikio, mtoto anaweza kupoteza kusikia moja kwa moja. Nikarekebisha, mtoto akapata dozi yake sahihi, na siku ya nne aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mimi nilienda kwenye chumba cha kuhifadhia ndoo na mifagio nikalia. Yule nesi alinifata huko, akanipa maji, akaniambia, "Mimi nimelala mchana mzima jana kabla ya kuja. Wewe umelala lini?" Sikuwa na jibu.

Ungedhani hapo nilijifunza. Hapana. Nilichofanya ni kuanza kunywa enaji drinki. Nilikuwa nakunywa tatu mpaka nne kwa usiku mmoja, ya mwisho saa 10 alfajiri ili nifike moning ripoti niko wima. Moyo ukawa unadunda ovyo, mikono inatetemeka nikishika kanula, na kibaya zaidi nikirudi nyumbani silali. Kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu yake mwilini, kwa hiyo ya saa 10 alfajiri, saa 3 asubuhi nusu yake bado ipo kwenye damu. Nikawa najilalia juu ya kitanda na macho makavu. Nikaongeza kosa juu ya kosa, nikaanza kumeza piritoni ili nilale, naamka jioni kichwa kizito kama mtu aliyepigwa, naingia kazini hivyo hivyo. Tafadhali usifanye hivi. Ukiona umeanza kutumia dawa kujilaza na kinywaji kujiamsha, jua umeshafika pabaya, mwambie mtu.

Ajali ilitokea wiki sita baada ya lile la mtoto. Kaka alikuwa amesafiri akaniachia gari yake, IST. Nimetoka kol, saa 10 jioni, barabara nyeupe jua linawaka, nakumbuka nimepita kituo cha mafuta. Kitu kinachofata nakumbuka ni kishindo. Gari ilikuwa imeingia mtaroni, upande wa kulia wote umekwanguka, na kama hatua kumi mbele kulikuwa na mama kaweka meza yake ya maandazi na mtoto kakaa chini ya meza. Hatua kumi tu. Hakuna aliyeumia. Watu walinitoa wakadhani nimelewa, mmoja akaninusa kabisa mdomo.

Kulivuta gari 80,000, fundi wa bodi na rangi 650,000, taa ya mbele 120,000. Jumla 850,000, na hiyo ilikuwa pesa niliyodunduliza ya kodi ya miezi sita, mwenye nyumba nikamuomba anisubiri na nikaishi miezi miwili kwa kukopa. Kaka hakunigombeza, aliniuliza tu, "hivi ungekufa, tungeambiwa umekufa kwa nini?"

Ndipo nikaanza kusoma, maana nilihisi nina ugonjwa. Nikakuta mambo yalishajulikana zamani sana. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima watu waliokesha na waliokunywa pombe kwa vipimo vilevile, wakakuta mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika masaa 24 ni kama mwenye 0.10. Yule jamaa aliyeninusa mdomo hakuwa mbali na ukweli. Mwaka 2004 huko Boston walilinganisha maintani wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wale wa zamu ndefu za masaa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi ya wenzao waliopunguziwa masaa. Mwaka uliofata wakaonyesha kwamba intani anayetoka zamu ndefu namna hiyo uwezekano wake wa kupata ajali ya gari njiani ni zaidi ya mara mbili. Na Marekani yenyewe ilianza kuhangaika na suala hili baada ya binti wa miaka 18, Libby Zion, kufariki hospitalini New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari wadogo waliokuwa kwenye zamu ndefu, baba yake hakukubali kunyamaza, na mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo cha masaa 80 kwa wiki. Niliposoma hivyo niliwaza wiki zangu.

Nikanunua kaunta buku. Hiki ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyofanya mwaka ule. Kwa wiki nne mimi na wenzangu wawili tuliandika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na masaa tuliyolala, bila kuongeza chumvi. Wiki yangu moja ilikuwa na masaa 92 ya kazi. Mwenzangu mmoja aliandika kol tano ambazo hakufumba jicho hata dakika moja.

Tukaenda kwa daktari bingwa wetu kwanza, tulimheshimu na tulimuogopa. Jibu lake la mwanzo lilikuwa lile ambalo kila mtu anapewa, kwamba wao walifanya hivyo hivyo na wakafika. Hatukubishana. Mwenzetu mmoja akamwambia kwa adabu, "Dokta, sisi hatuombi kupunguziwa kazi, tunaomba tusimdhuru mgonjwa wako," tukamwachia daftari. Siku tatu baadae akatuita. Alikuwa amelisoma lote, alichora mstari chini ya zile kol tano. Yeye mwenyewe ndiye aliyeenda kwa mganga mfawidhi. Matokeo hayakuwa makubwa ila yalituokoa: aliyetoka kol anawasilisha moning ripoti, anakabidhi wagonjwa wake kitanda kwa kitanda, na saa 4 asubuhi anaondoka. Nawashauri mkitaka kuomba kitu kama hiki msiende na malalamiko ya mdomo, nendeni na daftari. Malalamiko yanasahaulika, masaa yaliyoandikwa hayabishiki.

La pili tulilipanga wenyewe. Usiku tulikuwa tunakuwa wawili, intani wa wodi na intani wa emagensi, na wote tulikuwa tunakesha hata usiku uliotulia, kwa kuogopana tu, kila mtu asionekane mvivu. Tukakubaliana, mmoja anajilaza saa 5 mpaka saa 8, mwingine saa 8 mpaka saa 11. Aliye macho anashika simu zote mbili, na manesi wanaambiwa mapema nani yuko macho. Dharura ikizidi anamwamsha mwenzake bila kuona haya. Usiku mwingine hutapata hayo masaa matatu, utapata dakika 25, chukua hizo hizo. NASA waliwahi kuwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya dakika 40 wapumzike, wakalala wastani wa dakika 26 tu, na bado walikuwa makini kuliko wenzao ambao hawakupumzika. Kitu kimoja cha kuangalia, ukiamshwa kutoka usingizi mzito ubongo unachukua muda kurudi, hata nusu saa. Mimi nikiamshwa naosha uso, natembea mpaka kwa mgonjwa badala ya kutoa maagizo kwa simu nikiwa nimelala, na dozi yoyote nitakayoandika ndani ya dakika hizo nesi anaisoma kwa sauti na mimi narudia.

Hilo la kusoma kwa sauti tulilifanya utaratibu baada ya yale ya jentamaisini. Dawa za watoto zote, insulini, potasiamu, magneziamu ya kifafa cha mimba. Uzito wa mtoto naandika upya kwa mkono wangu na kuuzungushia duara kabla ya kuandika dawa. Baada ya saa 8 usiku sipigi hesabu ya kichwa hata ya mbili mara tano, natumia kikokotoo cha simu. Mwanzoni baadhi ya manesi waliona kama nawapotezea muda, lakini yule nesi wa makamo alisimama na mimi, na mama yule akisema jambo wodini linasikika.

Kingine, kazi inayohitaji akili ifanye kabla mwili haujashuka. Kuanzia saa 6 mpaka saa 8 usiku napita kila mgonjwa anayenipa wasiwasi, naangalia dripu, mkojo, mtungi wa oksijeni umebaki kiasi gani, damu ipo au haipo, na naandika kabisa kwenye faili "ikitokea hivi fanya hivi". Ikifika saa 10 nafata mpango niliouandika nikiwa na akili timamu. Simwamini yule mimi wa saa 10.

Kuhusu kula, mwili haujengwi kwa matofali, lakini chipsi mayai za saa 7 usiku zinakulaza palepale. Nilihamia kwenye uji wa kwenye chupa, ndizi, karanga, na mlo wa maana naula nyumbani kabla ya kutoka. Kahawa naipenda na sijaiacha, naanza mapema usiku, kikombe kidogo kidogo, na saa 8 naifunga. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga huwa tunawapangia wapumzike mapema ili waamke kwa daku, na kwa kweli usiku wa Ramadhani umekuwa mzuri kwetu kwa sababu kila mtu ana sababu ya kumjali mwenzake.

Ila vita kubwa haikuwa hospitali, ilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule, bati tupu bila silingi bodi, saa 5 asubuhi ni jiko. Nje kuna kinyozi na spika yake, kuku, watoto, na jirani akijua dokta yupo basi hodi haziishi, "samahani dokta, angalia tu huyu mtoto mara moja". Nilikuwa naona aibu kusema nimelala, maana kwetu mtu anayelala mchana anaonekana mvivu au mgonjwa. Niliamua kuongea nao. Nilipita nyumba kwa nyumba na shikamoo zangu, nikawaeleza kwamba siku nikining'iniza kanga nyekundu mlangoni nimekesha na wagonjwa, wagonge kama ni dharura tu, na jioni kuanzia saa 11 niko huru kwa yeyote. Sikutegemea kama wangenielewa vile. Kinyozi aligeuza spika yake ielekee barabarani. Mama mwenye nyumba alikuwa anawafukuza watoto mwenyewe, "dokta kalala jamani". Watu wanaheshimu usingizi wako ukiwaambia, mimi nilikuwa sijawahi kuwaambia.

Njiani kurudi navaa miwani ya jua, maana mwanga wa asubuhi unauambia mwili kumekucha. Na siendeshi, tangu siku ile ya mtaroni sijawahi kuendesha nikitoka usiku, napanda daladala au nalipa bajaji, na bodaboda sipandi kwa sababu ukisinzia juu ya boda hakuna kinachokushika. Bajaji ilikuwa inanigharimu 3,000 kwa safari. Nikilinganisha na ile 850,000 naona nimepata bei rahisi.

Alafu siku hizi kabla ya zamu ya usiku najilaza alasiri, dakika 90 zinatosha, hata kama nililala vizuri jana. Wengi wanaruka hapa. Wanaamka asubuhi, wanazunguka mjini, wanafua, wanaenda kikao cha familia, jioni ndo wanaingia zamu, yaani saa 10 alfajiri inawakuta wana masaa 22 macho. Usiku wa deni haukawii kucha, na deni la usingizi ndo hivyo hivyo, halilipwi na ile Jumapili moja ya kulala kutwa. Nimekosa harusi mbili na kikao cha vikoba mara nyingi tu, shangazi alininunia karibu mwaka. Hiyo ni gharama na sitaificha.

Wako mnaonisoma hapa mko peke yenu kwenye kituo cha afya, hakuna wa kupokezana naye. Kwenu sina jibu kamili na nisingependa kuwadanganya. Rafiki yangu yuko hali hiyo, anachofanya ni kukubaliana na nesi na mkunga wa zamu mambo yapi anaamshwa hapo hapo na yapi yanasubiri asubuhi, wameyaandika na kuyabandika ukutani leba, na simu yake ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya anaipiga mapema, akiwa bado ana nguvu ya kufikiri, hasubiri mpaka azidiwe. Anasema hilo peke yake limempa usiku tatu nne kwa wiki za kulala vipande vipande. Lakini kituo chenye daktari mmoja kinahitaji daktari wa pili, hakuna uji wala miwani vitakavyoziba pengo hilo, na wanaopanga ajira wanapaswa kuambiwa hivyo kila wanapokuja kukagua.

Mimi sasa hivi ndio naandika rosta ya maintani idarani kwetu. Naipanga zamu ziende mbele, asubuhi, jioni, alafu usiku, maana mwili unakubali kusogezwa mbele kuliko kurudishwa nyuma. Chumba cha daktari wa zamu tulichanga tukanunua godoro jipya, 160,000, na chandarua. Feni bado mbovu, barua ya pili nimeipeleka wiki iliyopita.

Juzi usiku nilimkuta intani mmoja saa 9 na nusu kasimama mbele ya kabati la dawa, mlango wazi, haangalii chochote. Nikamuuliza unatafuta nini, akasema sikumbuki dokta, alafu akaanza kuniomba msamaha. Nikachukua simu yake na faili alilokuwa ameshika, nikamwambia nenda kalale mdogo wangu, saa 11 nitakuja kukuamsha mwenyewe.